Kisu chembamba cha kukunja: wiki tatu mfukoni mwangu, Tanga

Kisu changu cha zamani kilikata vizuri, ila kilikuwa kinene na kizito, kinavuta suruali upande mmoja. Mara nyingi nilikiacha nyumbani, na siku nilipokihitaji ndiyo siku sinacho. Ndiyo maana nilipokiona hiki dukani Ngamiani nilikishika muda mrefu kabla ya kuuliza bei. Kikikunjwa, unene wake haufiki sentimita 1. Nimelipa shilingi 70,000, na najua hiyo ni pesa nyingi kwa kisu.

Kina klipu ya kukibana mfukoni. Naendesha baiskeli kutwa nzima, na hakijanichoma paja hata mara moja. Kwa hilo peke yake nimeridhika.

Jaribio lenyewe nililolitaka ni chungwa la Muheza. Mama anayeniuzia machungwa ana mkono wa ajabu: anazungusha chungwa, ganda la kijani linatoka utepe mmoja mrefu, ule weupe unabaki mzima, anakata kifuniko juu, unafyonza. Kisu kinene hapo kinachimba tu. Nilimwamkia, nikamwomba akijaribu.

"Marahaba, mwanangu. Hiki kisu au kalamu?"

Chungwa la kwanza alimenya taratibu, la pili huku anaongea na mteja mwingine. Utepe haukukatika. Alichokilalamikia ni mpini: kwa mtu anayemenya tangu asubuhi mpaka jioni, wembamba ule utamuumiza vidole. Kweli kabisa. Mimi mwenyewe nilikata kamba za katani za magunia kama thelathini hivi, mfululizo, na kiganja kilianza kuuma kabla makali hayajachoka. Baada ya hapo bado kilikata karatasi bila kuichana. Na katani inavyokula makali, wanaoijua wanajua.

Siri iko kwenye chuma. Ni D2, chuma cha zana za kukatia viwandani, chenye kaboni kama asilimia 1.5. Kaboni hiyo ndiyo inayoshika makali. Kromiamu inafika kama asilimia 12, lakini sehemu yake kubwa imefungwa na kaboni ileile, kwa hiyo inayobaki ya kuzuia kutu haitoshi kukifanya chuma cha pua kisichoshika kutu. Nalifahamu hilo, na bado nilizembea. Nilinunua samaki aina ya changu pale soko la samaki la Deep Sea, nikawapasua palepale, nikakifuta kisu kwa kitambaa, nikakikunja. Asubuhi nikakuta madoa ya rangi ya chai karibu na ncha na pale kinapojikunjia. Niliumia sana, kisu hakikuwa na siku kumi. Mafuta ya cherehani yameyatoa mengi, mawili hayajatoka hadi leo. Sasa kikigusa chumvi nakisuuza kwa maji baridi, nakikausha, nakitia tone la mafuta kabla ya kulala.

Kufuli ni kibati cha ndani kinachoingia nyuma ya makali. Kinashika imara, hakichezi. Ila kimetengenezwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Dada yangu ana shoto, alihangaika kukifunga mpaka nikamnyang'anya kwa kuogopea kidole chake.

Kwa anayeishi Muheza au Korogwe, mbali na bahari, nasema anunue bila wasiwasi. Kwa sisi wa pwani, kama dukani kuna cha umbo hilihili cha chuma cha pua, chukua hicho hata kama utakinoa mara mbili zaidi.