Chake–Wete au Chake–Kigomasha: klabu iende wapi?

Kwa matembezi ya siku nzima ya baiskeli Pemba, mimi naitetea barabara ya zamani ya Chake Chake hadi Wete. Ni kama kilomita 30 tu, lakini vilima havikuachii: unapanda, unashuka kwenye bonde la mpunga, kona, unapanda tena. Asiyekuwa na gia ndogo atasukuma. Faida yake ni kwamba kundi halitawanyiki mno. Wenye kasi wanangoja kileleni chini ya mikarafuu, na vijiji vya kuomba maji ni vingi. Msimu wa mavuno karafuu huanikwa kwenye majamvi kando ya lami, kwa hiyo tafadhalini, msizikanyage, hayo ni mapato ya mwaka ya watu. Ukichepuka Kidike, utawaona popo wakubwa wasiopatikana kwengine duniani.

Njia ya Konde, msitu wa Ngezi hadi mnara wa taa ya meli wa Kigomasha ni ndefu zaidi. Kivuli cha Ngezi ni raha kubwa. Ila kurudi siku hiyohiyo kunawachosha wageni, nao ndio tunaotaka wabaki klabuni. Hiyo iwe ya wazoefu, waondoke baada ya Alfajiri.