Kura ya simu kwenye mkutano mkuu: kagua theluthi mbili kwanza

Mfumo huu wa kupigia kura, unaokodishwa hapa Nairobi na kampuni, sacco na vyama vya wakazi, kazi nyepesi unaimudu vizuri. Kuchagua mwenyekiti kwa wingi wa kawaida hakuna taabu: mwanachama anatumiwa namba ya siri kwa meseji, anapiga kura hata kwa mulika mwizi, na matokeo yanatoka papo hapo. Balaa huanza ajenda ikifika kwenye kubadilisha katiba ya chama, pale inapotakiwa theluthi mbili ya kura.

Kisanduku cha kuweka kiwango cha kura za kupitisha hoja kinapokea asilimia tu. Ukiandika 66, kwenye kura 200 hoja itapita kwa 132, ilhali theluthi mbili ni 133 na kitu, yaani 134, maana hakuna theluthi ya mtu. Ukijitia makini ukaandika 66.67, unaharibu upande wa pili: 200 kati ya 300 ni theluthi mbili kamili, lakini mfumo unaona 66.666 na kuitupa hoja halali. Piga hesabu mwenyewe: idadi mara mbili, gawa kwa tatu, ikibaki sehemu panda hadi namba inayofuata. Namba hiyo itangazwe na kuandikwa kwenye kumbukumbu kabla kura haijafunguliwa.

Halafu, theluthi mbili ya nani? Mfumo unakuja umewekwa “waliopiga kura”, na pa kubadilisha pamefichwa ndani kabisa ya mipangilio. Chukua chama cha wanachama 120, waliofika 90, waliopiga kura 80, ndiyo 58. Kwa waliopiga kura hoja imepita, zilihitajika 54. Kwa waliohudhuria imeanguka, zilihitajika 60. Kwa wanachama wote haikaribii hata: 80. Hapo aliyebaki nyumbani amesema hapana bila kufungua mdomo. Bunge la Taifa linalijua hilo. Kurekebisha Katiba kunataka theluthi mbili ya wabunge wote 349, yaani 233. Februari 2019 mswada wa usawa wa jinsia ulikufa kwa kuwa ukumbini walikuwamo 174 tu.

Kampuni zina nafuu, kwani azimio maalum chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015 ni asilimia 75, na kisanduku kinaielewa. Ila kura ikihesabiwa kwa hisa, hakikisha daftari unalopakia lina safu ya hisa. Bila hiyo kila mtu anahesabiwa kura moja.

Nyota tatu kati ya tano. Ya nne tutaiongeza kisanduku kikianza kupokea 2/3.