Treni ya kwenda kaskazini ya mbali ukiwa na watoto: ukate tiketi ipi?

Likizo ya kiangazi ikikaribia, swali hili hurudi kwenye makundi ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya tunaoishi Ulaya: tukitaka kuwaonyesha watoto jua lisilozama, tupande treni ipi? Wengi huanza kutumiana picha za milima. Mimi naangalia kwanza kama familia nzima itapata chumba kimoja chenye mlango wa kufunga. Safari hizi huchukua saa kumi hadi zaidi ya kumi na nane. Mtoto aliyelala vizuri atafurahia milima kesho yake, na asiyelala atawachosha ninyi na behewa zima. Kwa kipimo hicho, nazipanga hivi.

1. Stockholm hadi Abisko au Narvik

Hii ndiyo ningemshauri mtu mwenye watoto wawili hadi wanne. Treni huondoka Stockholm jioni, ikakata misitu ya Sweden usiku kucha, na sehemu nzuri kuliko zote mnaipita mchana wa siku ya pili mkiwa mmeshakunywa chai.

Wakati wa kukata tiketi utaona aina tatu: kiti, liggvagn na sovvagn. Kiti achana nacho. Sovvagn ni vyumba vya watu wachache, vya starehe zaidi na vya bei zaidi. Liggvagn ndiyo ya familia: vitanda sita chumba kimoja, vitatu huku na vitatu kule. Aliyewahi kulala daraja la pili la TAZARA ataitambua mara moja, na sheria ya busara ni ileile: lipieni chumba kizima ili asiingie mgeni. Mchana kitanda cha kati hukunjwa kikawa mgongo wa siti ya chini. Usiku mnakiinua na kutandika wenyewe shuka mnazozikuta. Cha juu kabisa hupandwa kwa ngazi na kina mkanda wa kuzuia mtu asianguke. Watoto watakigombania; mdogo mlazeni chini hata akilia.

Kutoka Kiruna, mji wa migodi ya chuma kaskazini mwa Sweden, hadi Narvik ni kama saa tatu, na hapo msisinzie. Reli hii ilijengwa kusafirisha chuma cha Kiruna na ikafika bandari ya Narvik mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mpaka leo mtapishana na treni ndefu za mawe ya chuma. Upande wa kulia mtaona ziwa Torneträsk likienda kilomita kwa kilomita, na baada ya mpaka wa Norway mkono wa bahari unatokea chini kabisa ya reli. Karibu na Abisko, upande wa kushoto, kuna bonde la Lapporten, milima miwili iliyoachana kama lango. Chumba chenu kikiwa upande mmoja, watoto wakubwa wapelekeni koridoni wakaone wa pili.

Wenye watoto wadogo nawashauri washuke Abisko, wasiende hadi Narvik. Stesheni ya Abisko turiststation iko mlangoni mwa hifadhi ya taifa, na korongo la mto mnalifikia kwa miguu bila kukodi gari. Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Julai jua halizami huko. Mtoto anaweza kusimama nje saa sita usiku na kuona kivuli chake.

Udhaifu wake ni njia yenyewe. Ni reli moja, ya treni za chuma na za abiria. Desemba 2023 treni ya mizigo iliacha njia ikaharibu reli, na ikachukua wiki kadhaa kufunguliwa. Kiangazi pia ndicho kipindi cha matengenezo, na kipande cha safari kinaweza kugeuzwa basi. Kabla ya kulipa, fungua ratiba ya tarehe yako uangalie kama kuna kipande kilichoandikwa buss.

2. Helsinki hadi Rovaniemi

Kwa starehe, Finland inaongoza. Ni kama saa kumi na mbili za usiku, mabehewa ni ya ghorofa, na vyumba vya juu vina choo na bafu ndani. Mama mwenye mtoto mchanga atashukuru. Mnaweza hata kupakia gari lenu kwenye treni hiyohiyo.

Nimeiweka ya pili kwa sababu ya hesabu. Vyumba ni vya watu wawili. Wazazi wenye mtoto mmoja au wawili watatosha kwenye viwili vinavyopakana, na kuna vyenye mlango wa katikati unaofunguliwa. Uulizieni wakati wa kukata. Mkiwa watano mnahitaji vyumba vitatu, na bei haifurahishi tena. Njiani ni msitu na tambarare tu. Rovaniemi yenyewe iko kusini kidogo ya mstari wa Aktiki, mstari wa ramani unaoanzia ukanda wa ncha ya kaskazini; mstari huo mtaukuta kwenye Kijiji cha Santa Claus, kilomita 8 kutoka mjini, na kijiji hicho kiko wazi hata kiangazi. Jua huwa halizami kwa takriban mwezi mmoja tu, kuanzia wiki ya kwanza ya Juni.

3. Trondheim hadi Bodø, Norway

Kwa mandhari pekee hii ingeshika namba moja. Ni kilomita 729, zilizofika Bodø mwaka 1962, na treni hupanda uwanda wa Saltfjellet, ikavuka mstari wa Aktiki kwenye ardhi tupu isiyo na mti. Lakini ili muione inabidi mpande ya mchana, maana yake saa kumi za kukaa. Kwa vijana wa miaka kumi na zaidi ni sawa. Kwa wa miaka minne, hapana. Kaeni kushoto mkielekea kaskazini. Kutoka Bodø kuna feri ya kwenda visiwa vya Lofoten.

Wengine hupanga kwenda kwa Narvik na kurudi kwa Bodø. Inawezekana, ila kati ya miji hiyo hakuna reli: ni basi la saa nyingi na feri ndani yake.

4. Inlandsbanan, Östersund hadi Gällivare, Sweden

Hii ni treni ndogo ya kiangazi tu, ya kukaa kutwa nzima, inayosimama mle chakula na kupiga picha kwenye mstari wa Aktiki. Nzuri sana kwa watu wazima wawili.

Tiketi ya kawaida au Interrail?

Interrail, pasi moja ya kupanda treni za nchi nyingi za Ulaya, huwapa watoto wa chini ya miaka 12 pasi bure, wawili kwa kila mtu mzima, kwa hiyo familia kubwa inaokoa. Lakini vitanda hulipiwa pembeni, hata vya watoto, na ndani ya nchi unayoishi pasi inakupa safari moja ya kutoka na moja ya kurudi tu. Anayeishi Stockholm na kuishia Abisko kwa kawaida hana haja nayo. Bibi aliyekuja kutembea kutoka Tanga au Mombasa hawezi kununua Interrail. Yake ni Eurail, pasi kama hiyo ya wasioishi Ulaya.

Vitanda vya Julai huisha mapema, kwa hiyo kateni mauzo yakifunguliwa. Mkichelewa, fikirieni nusu ya pili ya Agosti: jua la usiku limekwisha, lakini na mbu wamepungua. Mbu wa kule hawana malaria, ila Julai ni wengi kupita maelezo. Bebeni dawa ya kujipaka na mikono mirefu. Bebeni vitambaa vya kufunika macho, kwa kuwa pazia la treni huacha mwanga upite, pamoja na chapati na mayai ya kuchemsha. Waislamu wamuulize imamu wao kabla ya safari kuhusu Magharibi na Isha mahali ambapo jua halizami. Wengi hufuata ratiba ya mji wa karibu ambako linazama, au ya Makka.

Treni ikichelewa kufika kwa saa moja, sheria ya Umoja wa Ulaya inakupa haki ya kudai robo ya nauli, na ikifika saa mbili ni nusu, isipokuwa sababu iwe nje kabisa ya uwezo wa shirika. Kateni safari nzima kwenye tiketi moja inapowezekana, ili kuchelewa kuhesabiwe hadi kituo cha mwisho.