Nimejaribu Programu Tatu Huria za Duka la Mtandaoni, na Kasheshe Iko Kwenye M-Pesa

Haya wadau, karibuni tena. Maikrofoni mpya imefika, kwa hivyo wale mlionichapa kwenye maoni wiki jana, mmesikika.

Dada yangu anauza raba za mitumba soko la Toi, Nairobi, na sasa anataka duka la mtandaoni. Sharti lake moja: programu huria, isiyomdai dola kila mwezi. Shopify, ile ya kulipia kila mwezi, basi ikaanguka hata kabla ya kuanza. Najua mtanijia hapo chini. Njooni tu.

Ya kwanza, Magento, sina mengi ya kusema. Adobe waliinunua 2018, na inataka seva yenye misuli. Kwa raba arobaini za dada yangu, hiyo ni kukodi lori kubeba mkungu mmoja wa ndizi. OpenCart nimeipenda, nyepesi, inakaa vizuri kwenye seva ya bei ya chini. Ila ukishaiweka inakwambia ufute folda ya install, halafu uhamishe folda ya storage mahali wageni wa mtandaoni hawafiki. Mimi nitaweza. Dada atanipigia simu saa tano usiku.

Nikabaki na WooCommerce, inayokaa juu ya WordPress, ule mfumo wa kutengeneza tovuti. Kuiweka sifundishi, video zimejaa. Twende moja kwa moja kwenye ukurasa wa kulipia. Sogeeni.

Raba hii, saizi 39. Duka liko hewani tayari, kwa hivyo nimeipa bei ya shilingi moja nisije nikafilisika nikijaribu. Naitia kikapuni, nalipa. Oneni njia za malipo inazokuja nazo: benki, hundi, na pesa taslimu mzigo ukifika. Hundi! Jameni, nani Nairobi hii amewahi kununua raba kwa hundi? M-Pesa haimo. Lazima uongeze plagini, yaani kiprogramu cha kuchomeka juu ya duka. Fundi mmoja aliniitisha elfu kumi na tano kwa kazi hiyo, nikasema wacha nijaribu mwenyewe.

Plagini ya kwanza sitaitaja. Naweka laini yangu, ya 07. Daraja, ule mfumo wa Safaricom wa kuunganisha malipo, unataka nambari ianze na 254. Plagini imebadilisha yenyewe, vizuri. Sasa laini ya mke wangu, ya 01. Ona! Inasema nambari si sahihi. Wateja wote wa 01 wamefungiwa mlango, na dada hatajua, kwa sababu mtu akishindwa kununua hapigi simu kulalamika, anaenda kwingine.

Ya pili. 01... imekubali. Simu inawaka, hiyo STK push, yaani ombi la malipo linalojitokeza lenyewe kwenye simu, naweka PIN, SMS imeingia. Shilingi imetoka. Narudi dashibodini: oda inasubiri malipo. Nafungua upya. Inasubiri. Hapa nimerudisha kosa langu makusudi mlione, maana lilinikesha usiku mbili nikilaumu kila mtu. Ukishalipa, Safaricom hutuma jibu kwenye anwani ya tovuti uliyoipa: 0 ni imelipwa, 1032 ni mteja amekataa. Mimi herufi moja ya anwani niliikosea. Jibu likakosa mlango, pesa iko kwa till, ile nambari ya M-Pesa ya biashara, duka halina habari. Narekebisha hivi... nalipa tena... Inashughulikiwa! Mmeona? Sijagusa kitu.

Ah, na sehemu ya mteja kuandika anwani ya kuletewa mzigo. Kaunti zote 47 zimo, Baringo hadi West Pokot, heko kwao. Lakini "anwani, mstari wa pili"? Mteja wa mtaa wa Pipeline aandike nini hapo, ghorofa ya mama mboga? Nimeibadilisha ikawa "Uko karibu na nini?" Watu wa boda watanishukuru.

Alhamisi narudi na PrestaShop, ile iliyoanzia Ufaransa, mliiomba sana. Stima isipopotea lakini, kwa sababu wiki hii—

Ngojeni. Simu imetetemeka. Oda mpya, raba saizi 39... si mimi. Mtu wa Kasarani. Amelipa shilingi moja, na hapo kwa "karibu na nini" ameandika "karibu na kanisa, fanyeni haraka."

Zima kamera nimpigie dada.