Dawa za kusafishia sofa la ngozi: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kabla hujatoa hela, dondosha tone moja la maji kwenye sofa lako, mahali pasipoonekana. Subiri dakika moja. Tone likibaki juu limeviringana, ngozi yako ina tabaka la rangi na kinga, na masofa mengi ya nyumbani ndivyo yalivyo. Likinyonywa na kuacha doa la giza, ngozi hiyo iko wazi, na kila utakachoipaka itakinywa. Tone hilo ndilo liamue ununue nini, si picha ya sofa linalong'aa kwenye chupa.

1. Vitambaa vya maikrofaiba. Najua umekuja kutafuta dawa. Lakini vumbi lina chembe ngumu, na kila anayekaa anazisugua kwenye ngozi. Kitambaa kikavu kila wiki, na chenye unyevu kidogo pale panapohitajika, kitakufaa kuliko chupa yoyote hapa chini. Nunua vyeupe. Ukifuta ukaona rangi ya sofa imehamia kwenye kitambaa, acha papo hapo.

2. Kisafishaji cha ngozi cha samani. Kama ni chupa moja tu utanunua, iwe hii. Soma lebo uone kama pH, yaani kipimo cha asidi (namba ndogo ni asidi zaidi), imetajwa: ngozi ina asidi kidogo, karibu 4 hadi 5, ilhali sabuni ya kipande huweza kufika 9 au 10, na ndiyo maana ukiitumia mara kwa mara ngozi inakauka na kukakamaa. Kazi kubwa ya kisafishaji iko pale kichwa kinapoegemea na mikono inapolala. Pitisha kidole hapo. Kama panateleza au panata, ni mafuta ya nywele na jasho, na mafuta hayo polepole hulainisha rangi mpaka ibanduke. Weka povu kwenye sponji, usimwagie ngozi moja kwa moja. Kama tone lako lilinyonywa, tafuta kilichoandikwa kuwa ni cha ngozi isiyo na kinga. Ngozi yenye manyoya laini kama mahameli haihusiki hapa. Hiyo ina brashi yake.

3. Krimu ya kulainisha. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Ngozi iliyo wazi inaihitaji kweli. Yenye kinga hainywi mengi, kwa hiyo chukua kopo dogo hata kama muuzaji anakusukumia kubwa. Safisha kwanza, halafu ndipo upake. Ukipaka juu ya uchafu ni kama kujipaka losheni mguu ukiwa na tope.

4. Sabuni ya matandiko ya farasi. Ilitengenezwa kwa matandiko na buti, na huko inafaa. Kwenye sofa ni kali, na inabaki kwenye mishono. Kama unayo, ibaki viatuni.

Sasa za kuacha. Dawa ya kupuliza yenye silikoni inang'arisha kwa dakika mbili, kisha sofa linateleza, na siku ukitaka kulipaka rangi upya, rangi haishiki. Dawa ya viatu itahamia kwenye nguo za wageni. Waipsi za watoto zinaonekana za upole, lakini ukizitumia kila siku zinachakaza ile kinga. Mafuta ya mzeituni niliyajaribu mwenyewe kwenye kiti cha zamani: kilipendeza siku ile ile, baada ya wiki chache kikaanza kunuka mafuta yaliyochacha, na vumbi likaganda juu yake.

Na kama sofa lako linabanduka vipande vyembamba kama karatasi na chini yake kuna kitambaa, hiyo ni ngozi bandia, au mabaki ya ngozi yaliyogandishwa kwa gundi. Hakuna krimu inayorudisha kilichobanduka. Hela hiyo inunulie kifuniko cha sofa.