Hita ya gesi ya sahani tatu kwa baridi ya Nyahururu: joto iko, lakini dirisha liachwe wazi

Wenzangu wa Nyahururu, Ol Kalou, Kinangop, Limuru na huko kote kwenye baridi, nimekuwa natumia hii hita ya gesi tangu Juni na watu wananiuliza kila siku kama inafaa, wacha niandike yote mara moja. Joto inatoa kweli kweli. Gesi inakula lakini si vile watu wanaogopa. Na ni kitu cha sebuleni mkiwa macho, si cha kulala nacho hata siku moja, na hii ya mwisho ndiyo imenifanya niandike kwa urefu kwa sababu kule dukani hakuna mtu alinitajia.

Ni zile za kabati la chuma zenye magurudumu, mtungi wa 13kg unaingia mgongoni, mbele kuna sahani tatu za seramiki zinazowaka nyekundu, unaweza kuwasha moja, mbili au zote. Brandi siitaji kwa sababu nimeangalia kadhaa na ndani karibu zote ni mtindo mmoja. Yangu stika ya nyuma inasema 4.2kW. Haina chimni, yaani hakuna bomba linalopeleka chochote nje, kila kinachotoka kwa ule moto mnabaki nacho ndani, na joto lote mnabaki nalo pia ndio maana inapasha chumba haraka hivyo. Sebule yetu ni kama futi 12 kwa 14, nyumba ya mawe, na sahani zote zikiwaka nusu saa haiishi watoto wanavua majaketi wenyewe. Hapo nazima mbili naacha moja, inatosha mpaka wakati wa kulala.

Hesabu ya gesi iko hivi. Kilo moja ya gesi ina nishati ya karibu yuniti 13 za stima, kwa hivyo moto wote ukiwaka unakula kama gramu 300 kwa saa na mtungi wa 13kg unaenda saa arobaini na kitu. Sahani moja peke yake unaenda zaidi ya saa mia. Mimi najaza kwa kama shilingi 3,100, kwa hivyo ni bob 75 hivi kwa saa ukiwasha tatu na kama 25 ukiwasha moja. Hita ya stima ya 2kW kwa bei ya tokeni za siku hizi inakaribia bob 60 kwa saa na joto lake ni nusu. Na stima ikipotea, gesi haijui.

Sasa tuje kwa hewa, na hapa naomba msome polepole. Moto wa gesi unakula ile oksijeni mnayopumua nyinyi, unarudisha kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Hiyo ni ukiwaka vizuri. Ukiwaka vibaya, labda sahani imepasuka au ina vumbi, au hewa ya chumba imechoka, unaanza kutoa kaboni monoksaidi, na hiyo haina harufu, haina rangi, haichomi macho, na inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anaumwa na kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, anadhani ni homa au malaria inaanza, anasema wacha nilale kidogo, na hapo ndipo mambo huharibika. Kila msimu wa baridi tunasikia familia iliingiza jiko la makaa ndani ikafunga mlango, asubuhi majirani wakavunja. Gesi ni afadhali sana kuliko makaa, lakini mtu akishaambiwa ni afadhali anaziba kila tundu na anatulia.

Kitabu cha hita yangu kinataka matundu ya kudumu ya sentimita mraba 25 kwa kila kilowati, yasipungue 100, nusu yawe chini nusu yawe juu. Kwa 4.2kW ni kama 105, na si kubwa, ni nafasi ya sentimita 10 kwa 10 na kidogo ukijumlisha yote. Nyumba nyingi zetu ziko na venti juu ya dirisha, zile za kujengewa na wavu, shida ni kwamba baridi ikianza kitu cha kwanza watu hufanya ni kuziba na magazeti na nailoni. Ya kwetu mpangaji aliyetutangulia alikuwa amesukuma gunia ndani halafu akapaka rangi juu, ukiangalia huwezi jua hata kulikuwa na tundu, mpaka nilipogonga na kijiti nikasikia mlio si wa saruji. Tulitoa gunia lote, wavu ukaoshwa. Chini mlango wa nje una nafasi ya vidole viwili na lile blanketi la kuzibia nimeliondoa. Juu ya hiyo, hita ikiwaka dirisha moja liko wazi kidogo, kila mara, hata mvua ikinyesha. Hewa baridi inaingia ndio, lakini haiwezi kushinda hita ya nguvu hiyo.

Kitu kingine ni sensa ya oksijeni, na hii watu wa huku juu lazima muielewe. Karibu na sahani kuna pailoti, kale ka moto kadogo ka kuwashia, na kamoto hako kanagusa ncha ya chuma inayoitwa themokapo. Ncha ikiwa moto, valvu ya gesi inabaki wazi. Oksijeni ya chumba ikishuka kutoka karibu asilimia 21 hadi kama 18, kamoto kanainuka na kuikimbia ile ncha, ncha inapoa, valvu inafunga, hita inazima. Hakuna betri, hakuna kompyuta. Ni ujanja mzuri sana na umeokoa watu.

Lakini Nyahururu tuko zaidi ya mita 2,300, hewa ni nyepesi, na kamoto kanahisi hivyo hivyo. Hata watengenezaji wa zile hita ndogo za propeni za Marekani huandika wazi kwamba ukipita futi 7,000, kama mita 2,130, hita inaweza kujizima hata kama hewa ya chumba iko sawa. Yangu mwanzoni ilikuwa inajizima mara kwa mara na fundi mmoja wa hapa mjini akaniambia, "Mathe, hiyo si shida, nakukatia hiyo sensa na nakuwekea waya, itawaka mpaka asubuhi." Anasema kabisa, na ameshawafanyia wengine! Nilimwambia hapana nikabeba hita yangu. Tafadhali kama fundi alikufanyia hivyo hita yako, usiwashe tena, ipeleke kwa mtu airudishe kama ilivyokuwa au uachane nayo. Iliyobaki hapo ni moto wa wazi ndani ya nyumba bila kitu chochote cha kuuzima. Fundi wa pili, huyu ni wa gesi haswa, alifungua pailoti akapuliza na hewa ya kompresa, kulikuwa na vumbi na utando wa buibui, nadhani kwa sababu ilikaa stoo ya duka muda mrefu. Hiyo peke yake ilisaidia sana. Siku hizi inajizima mara chache, na ikijizima naiamini, tunafungua mlango, tunatoka nje kidogo, siiwashi tena papo hapo.

Na msifikirie sensa inamaliza kazi. Inaangalia oksijeni tu, kaboni monoksaidi haiijui, na sahani mbovu inaweza kutoa hiyo sumu oksijeni bado ikiwa nyingi. Ndio maana nilinunua alamu ya kaboni monoksaidi, tafuta iliyoandikwa EN 50291, hicho ni kiwango cha Ulaya cha alamu hizo, ziko mtandaoni na kwa maduka kadhaa ya Nairobi. Usichanganye na alamu ya gesi kuvuja. Alamu ya gesi inakaa chini karibu na sakafu kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini inajikusanya kwa kona. Ya monoksaidi inakaa juu zaidi, pale ambapo mtu amekaa au amelala anapumulia, kwa ukuta, mbali kidogo na hita.

Kufunga si kazi ngumu ila usiharakishe. Regyuleta, ile inayofungwa kwa mdomo wa mtungi kupunguza presha, iwe ya presha ndogo, karibu milibari 30, ile ya kawaida ya jiko la nyumbani. Dukani walitaka kunipa ile ya kurekebisha na mkono, ya majiko makubwa ya hoteli, ati moto utakuwa na nguvu. Utakuwa na nguvu ndio, na sahani zako hazikutengenezwa kwa hiyo. Paipu iwe ya gesi yenye tarehe imeandikwa, fupi, klipu za kukaza na bisibisi pande zote mbili, na isiguse mgongo wa hita mahali panapochemka. Mtungi unabadilishiwa nje, hakuna sigara hakuna mshumaa. Halafu maji ya sabuni, mengi ya povu, unapaka kwa valvu, kwa regyuleta, kwa klipu zote mbili, unafungua gesi bila kuwasha na unaangalia. Povu likifura hata kidogo, funga. Mimi hufanya hivi kila nikibadilisha mtungi, ni dakika mbili. Usijaribu na kibiriti, najua kuna watu wanafanya.

Mtungi usimame wima wakati wote. Ukilazwa, gesi inaingia kwa regyuleta ikiwa bado ya majimaji na moto unaruka. Na upime. Kwa ile kola ya mtungi kuna uzito mtupu umechongwa, ongeza 13, mizani ikisoma zaidi ya hapo mtungi umejazwa kupita kiasi na haufai kuingia kwa kabati lenye joto, rudisha. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya serikali ya nishati na petroli. Mliona ule mlipuko wa gesi wa Mradi, Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, ile biashara ya kujaza gesi bila kibali iko na bei yake na wanaolipa ni majirani.

Kuwasha: unabonyeza kitufe, unashikilia kama sekunde ishirini thelathini baada ya pailoti kushika ndio ncha ipate joto, halafu unaachilia. Ikikataa usiendelee kubofya bofya, zima, subiri dakika tano gesi itawanyike. Mita moja mbele isiwe na kitu, si pazia, si kochi, si nguo za mtoto za kukausha. Usiisukume ikiwa inawaka.

Jambo ambalo sikulitarajia ni unyevu. Kilo moja ya gesi ikiungua inatoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji, kwa hivyo moto wote kwa saa moja ni kama nusu lita inaelea ndani ya nyumba. Vioo vinatoa jasho, kona nyuma ya kabati la vyombo imeanza ukungu mweusi. Dirisha likiwa wazi inapungua. Mwenye mtoto wa asma afikirie sana, kwetu mdogo wangu akija kututembelea tunazima kabisa.

Bedrumu, hapana. Marekani ambako hita za propeni zisizo na chimni ni za kawaida, sheria zao za gesi zinaruhusu chumbani ndogo tu ya kufungwa ukutani, isiyozidi BTU 10,000, kama 2.9kW, na California hawazitaki kwa nyumba za watu kabisa. Hii yetu ni 4.2kW, tena inatembea na magurudumu, tena ina mtungi mzima tumboni. Sisi tunapasha sebule, saa ya kulala nazima kwa kitufe kisha nafunga regyuleta, tunabeba chupa za maji moto tunaingia kwa blanketi. Mama mkwe alitaka iwekwe chumbani kwake kwa sababu ya miguu, nikamweleza hivi hivi, "Mama, hii itakupasha sebuleni mpaka ushibe, huko ndani nakuletea chupa mbili", akakubali.

Kama nyota ni nne kwa tano kwa joto na gharama. Duka nalipatia nyota mbili, kitabu cha maelekezo kilikuwa kimetolewa kwenye boksi nikalazimika kurudi kukidai.

Na mlioniuliza kama mtungi wa 6kg unaweza kutumika: regyuleta yake ni tofauti na ya 13kg, hiyo moja. Pili mtungi mdogo ukivuta gesi nyingi kwa baridi unapoa haraka, unatoa jasho, gesi inashindwa kupanda na moto unakuwa mdogo, ndio unaona mtu anaumwagia maji moto au anausogeza karibu na sahani. Msifanye hivyo. Kama 13kg ni ghali kwa sasa, ngojeni mwezi mwingine mnunue hiyo, kabati limepimwa kwa mtungi huo.