D-76, ID-11 au Rodinal: ipi ya kusafishia filamu nyeusi-nyeupe?

Ukisafisha filamu mbili kwa mwaka, nunua Rodinal. Ukisafisha mbili kwa mwezi, chukua D-76 ya Kodak au pacha wake, ID-11 ya Ilford. Kabla ya kuulizia uzuri wa picha, jiulize dawa itakaa muda gani kwenye chupa.

D-76, iliyoanza mwaka 1927, ni unga. Pakiti ya lita moja huyeyushwa yote kwa mkupuo katika maji ya nyuzi joto 50 hadi 55, kisha huachwa ipoe. Usipime nusu ya unga: kemikali zilizomo hazijachanganyika sawasawa, na nusu moja inaweza kukosa kilichojaa kwenye nyingine. Chupa iliyojaa hadi shingoni hukaa miezi 6. Iliyobaki nusu huliwa na hewa mapema, kwa hiyo gawa lita yako kwenye chupa nne za ml 250.

Izimue 1+1. Ml 150 za dawa na ml 150 za maji zinatosha filamu moja ya milimita 35 kwenye tangi la kusafishia la Paterson, ukimaliza, mwaga. HP5 Plus, filamu ya Ilford ya ISO 400, ndani ya ID-11 1+1 huchukua dakika 13 kwa nyuzi 20, na bila kuzimua dakika 7 na nusu. Ngoja hizo dakika 13. Salfaiti iliyojaa kwenye dawa nzito hula kingo za punje za fedha zinazounda picha na kuzilainisha. Ikipungua, picha huonekana kali zaidi. Kwenye sura za watu, hakuna dawa ninayoiamini kuliko hii.

Rodinal ni ya 1891 na ni ya maji. Ikishafunguliwa hudumu miaka, hata ikigeuka rangi ya kahawa. Kwa 1+50, vuta ml 6 kwa bomba la sindano, tia kwenye ml 300 za maji: HP5 Plus dakika 11, FP4 Plus (filamu ya Ilford ya ISO 125) dakika 15. Chupa ya ml 500 inasafisha filamu 80 na ushei. Udhaifu wake ni punje, ambazo hujitokeza wazi kwenye filamu ya ISO 400 ya milimita 35, na vivuli hupotea haraka. Usiitumie kusukuma filamu, yaani kuipiga kama ya ISO 1600 na kuisafisha kwa muda mrefu zaidi. Kwa FP4 Plus ya 120, ile filamu pana, ni safi mno.

Maji ya bomba ya Mombasa au Dar es Salaam huzidi nyuzi 20. Weka chupa na tangi kwenye beseni la maji ya barafu. Barafu isiingie kwenye dawa, itaizimua. Ukikwama kwenye nyuzi 24, zile dakika 13 ziwe kama 9. Lakini Rodinal 1+25, ambayo kwa HP5 Plus ni dakika 6 tu, itashuka hadi kama 4. Muda huo ni mfupi mno: dawa haiwahi kuenea sawasawa na filamu hutoka na michirizi. Kwenye joto, baki na 1+50.